Sema Ni Chakula

Bibi yangu mzaa baba, Bi Shekha, alifariki Ibra, Omani, siku ya Jumatatu, mwezi wa pili mwaka 2004, kabla ya adhuhuri. Tulimzika alasiri ileile. Siku iliyofuata niliingia chumbani kwake kutoa mikeka kwa ajili ya wageni wa matanga, nikakuta juu ya kabati kopo la maziwa ya unga lililofungwa mdomo kwa kitambaa. Nilipolifungua, harufu ikanipiga usoni: harufu ya tope lililokauka, ndani yake kitu kama kafuri, na nyuma ya kafuri ukali kidogo kama wa tangawizi iliyosahauliwa. Siku ya maziko sikulia. Hapo nilikaa juu ya mikeka nikalia mpaka shangazi akaja kuuliza mikeka iko wapi.

Zilikuwa ndago. Wakulima mnazijua, na najua hamzipendi. Ni yale majani membamba yanayoota penye majimaji, ukiyang'oa leo kesho kutwa yameota tena, na chini yake kuna vifundo vyeusi kama njugu vilivyofungana kwa nyuzi. Kila mwenye shamba huyatukana. Bibi yangu alivila vifundo vyake.

Nyumba yetu ilikuwa pembezoni mwa Ibra, pale mashamba ya mitende yanapoishia na wadi inapoanza. Wadi ni bonde la mto, na aghalabu huwa kavu, mawe matupu. Lakini kwetu palikuwa na kipande ambapo maji yalibaki mwaka mzima, yakituama chini ya mwamba, na kandokando yake yalisimama matete marefu, na yale mengine yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki. Vyura walikuwa wengi. Bibi alipenda kwenda kukaa pale asubuhi baada ya kuwapa mbuzi majani. Alisema ni mahali pekee Omani ambapo pua yake haikuona ugeni.

Watu wa mtaani walituita Wazanzibari, maana kila aliyerudi kutoka Afrika akizungumza Kiswahili aliitwa hivyo. Bibi hakuwahi kuiona Zanzibar. Alizaliwa bara, karibu na Ujiji. Baba yake alikuwa Mwarabu wa kutoka Ibra hiihii, mfanyabiashara wa chumvi, na mama yake alikuwa Mvinza, mtu wa kinamasi cha mto Malagarasi. Habari za baba yake tulizijua zote, mpaka jina la punda wake. Habari za mama yake zilikuwa hazizungumzwi. Mama yangu mimi, aliyezaliwa Unguja mjini, alikuwa na adabu sana kwa mkwewe, lakini kwenye jambo la ndago uvumilivu ulimwishia. Alikuwa akisema, "Kwetu Unguja ndago tunazing'oa, hatuzipiki."

"Ndiyo maana Unguja mkalazimika kununua mchele," Bibi alijibu.

Alikuwa na namna yake ya kuzipika. Alizichemsha, akamwaga maji, akazichemsha tena ili uchungu upungue, kisha akazianika juu ya ungo. Zikikauka alizikaanga kwenye seredani ya makaa, akazisugua mikononi maganda yakatoka, akazitwanga pamoja na tende. Nikiwa mdogo kabisa nilikula naye, na nilipenda. Ladha yake ilikuwa ya kushangaza ulimi, chungu mwanzoni halafu tamu, kama mtu mkali anayekupenda. Hatukuwa na njaa, nataka mjue hivyo. Baba alikuwa dereva mwenye mshahara, na nyumbani kulikuwa na mchele na samaki wa kutoka Sur, mji wa pwani, kila wiki. Bibi alikula ndago kama mtu mwingine anavyokula karanga.

Sasa nitawaambieni la Suudi, maana bila hilo hamtaelewa nililolifanya.

Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza. Alirudi Omani akiwa mtu mzima, na koo lake lilikataa zile herufi za ndani. Ndago kwa Kiarabu cha pale huitwa su'd, na katikati kuna ile ain inayotaka kubanwa kooni. Bibi hakuweza kuibana. Ikatoka "Suudi." Na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye sote tulimwita Mama Suudi, alikuwa na kifungua mimba wake aliyeitwa Suudi, kijana mrefu mwenye sharubu, dereva wa lori.

Bibi alikuwa na desturi ya kumpalilia Mama Suudi vitalu vyake vya vitunguu bure, na Mama Suudi akimwombea dua kwa wema huo. Hakujua kwamba Bibi alipalilia ili achukue magugu. Asubuhi moja Mama Suudi alikuwa na wageni, wanawake sita saba, wamekaa uani na kahawa. Bibi akachungulia juu ya ukuta, na kwa furaha ya kuona watu, akawaamkia kwa Kiarabu chake. Mimi nilikuwa nimesimama chini yake nikishika ngazi. Nikikifasiri kama kilivyotoka, alisema hivi:

"Mama Suudi! Jana mimi ng'oa Suudi shambani kwako. Suudi kichwa kikubwa! Mimi chemsha, mimi choma, mimi kula. Tamu!"

Mwanamke mmoja akauliza, "Na sharubu je?" wakaangua kicheko, Mama Suudi akacheka mpaka akamwaga kahawa. Bibi naye akacheka, bila kujua anachochekea. Alishuka kwenye ngazi akaniambia, "Majirani wazuri hawa. Wamefurahi kuniona."

Mama Suudi hakuwa mbaya. Lakini alikuwa na binti wa rika langu, Thuraya, tuliyekaa naye dawati moja. Kesho yake shule nzima ilijua kwamba bibi yangu anakula watu. "Salma, Suudi mmemla na wali au na mkate?" Mwingine akauliza kama kwetu Afrika tunaanza na miguu. Halafu Thuraya, ambaye alikuwa anajua ukweli, akawasahihisha. Akasema hapana, jamani, msimsingizie, bibi yake hali watu. Anakula majani. Anakula yale ya kwenye matope, pamoja na mbuzi.

Hilo la pili ndilo lililoniuma. La kula watu lilikuwa la uongo, unaweza kulicheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi sitaki tena aende wadini. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza yote. Alifikiri kidogo, akasema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi. Njoo ule." Sikula. Nilikuwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo sikuweka tena ndago mdomoni mbele ya mtu yeyote.

Mwaka huohuo, mwanzoni mwa baridi, wakaja wachimbaji. Walikuwa Wazungu wanne na Waomani wawili wa serikali, wakapiga mahema upande wa pili wa wadi, juu kidogo ya maji. Baba aliajiriwa kuwaendeshea gari. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, Baba alimwita Doktora. Jioni Baba alipotusimulia kazi yao tulifikiri anatutania. Walichora miraba kwa uzi ardhini, wakakwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi.

"Mwiko?" Bibi akauliza. "Anapika nini?"

"Udongo, Mama."

"Mwambie aongeze chumvi."

Haikuwa mbali na ukweli. Udongo ulioonekana mweusi waliutia ndani ya pipa la maji wakaukoroga, na vilivyoelea juu wakavikusanya kwa kitambaa kama mtu anayechuja tui. Watu wa mtaani walikwenda kutazama wakarudi wakitikisa vichwa: wamekuja kutoka Ulaya kuosha matope. Lakini Baba alituambia walichokuwa wakitafuta. Pale palikuwa na mafiga ya watu wa kale sana, kabla ya Uislamu, kabla ya mifereji, kabla hata mtu hajapanda mtende Omani. Watu waliowinda na kuokota. Walikuwa na mawe ya kusagia, na Doktora alitaka kujua walisaga nini, maana nafaka hawakuwa nayo.

Siku moja wakapata ndani ya jivu vifundo vidogo vyeusi, vimekuwa makaa. Ustadhi Khalfan, yule mmoja wa Waomani wa serikali, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni daima, alivitambua kuwa ni su'd. Akapita kwa wakulima akiuliza kama kuna anayejua watu wakizila. Wakulima walikasirika. Mzee mmoja alimwambia, "Sisi ni watu wa tende, ya Ustadhi. Babu zetu hawakula nyasi." Ndipo Baba, bila kumuuliza mtu, akasema mama yake anazijua.

Doktora na Ustadhi wakaja nyumbani Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Baba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametumwa Sur kuwapeleka Wazungu wengine wawili. Mama alikuwa jikoni. Bibi alivaa kanga mpya na akajipaka wanja, na alinikalisha kando yake akaniambia, "Leo wewe ndiye ulimi wangu." Mpango ulikuwa hivi: Bibi atasema Kiswahili, mimi nitasema Kiarabu, Ustadhi Khalfan atasema Kiingereza, na Doktora ataandika kwenye daftari. Ustadhi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kwa heshima. Ingekuwa shughuli ya watu wanne. Lakini gari la serikali likisimama mlangoni kwa mtu, jirani hakai kwake. Mama Suudi akaingia na sinia la halua, na nyuma yake Thuraya, wakakaa mkabala nami kabisa.

Bibi alianza kabla ya kuulizwa. Aliniegemea akaninong'oneza, "Salma, sikiliza. Wataniuliza habari za mama yangu, maana hizi alinifundisha yeye. Mimi kartasi zangu zote, pasi, bataka ya uraia, nimeandikwa Shekha binti fulani bin fulani bin fulani. Baba ninaye, babu ninaye. Mama sinaye kwenye kartasi hata moja. Huyu ana daftari. Nataka amwandike. Umesikia?"

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Na jingine. Usiseme njaa. Watu wakisikia mtu alikula kitu cha kinamasini wanasema alikuwa na njaa, masikini. Haikuwa njaa. Sema ni chakula."

"Ndiyo, Bibi."

Doktora akafungua kisanduku kidogo. Juu ya pamba vilikuwepo vifundo vitatu vyeusi. Bibi akachukua kimoja kabla ya mtu kumzuia, akakinusa, akakigeuza, akakipeleka mdomoni. Doktora akapiga ukelele. Ustadhi Khalfan akasimama nusu. Bibi akakirudisha juu ya pamba akasema kwa utulivu, "Imeungua. Huyu mpishi alizubaa."

Hilo nililifasiri sawasawa. Ustadhi akacheka, akalipitisha, na Doktora akacheka zaidi yao wote, akaandika. Bibi akaendelea: "Mwambie zilizoiva vizuri zililiwa. Hizi ndizo zilizomshinda." Nikalifasiri pia. Doktora akaacha kucheka, akamtazama Bibi namna mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, na akaandika muda mrefu. Nilijisikia fahari. Nataka kusema hivyo kwa haki ya Bibi na kwa haki yangu: kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa nilikuwa ulimi mzuri.

Kisha Doktora akauliza, na Ustadhi akanipa swali kwa Kiarabu: mama huyu amezijuaje?

Bibi akajiweka sawa. Akasema kwamba mama yake na watu wa mama yake waliishi ukingoni mwa kinamasi, na kinamasi kilikuwa shamba lao ambalo hakulima mtu. Wanawake waliingia maji ya kiunoni asubuhi, wakapapasa kwa miguu. Mguu ndio ulioona. Walichimba ndago ukingoni, wakang'oa mizizi myeupe ya matete ile laini, na mizizi ya yungiyungi kwenye kina. Walichimba shimo, wakawasha moto, wakatoa makaa, wakapanga mizizi juu ya majani mabichi wakaifukia mpaka kesho. Mtoto aliyefukua alipewa ya kwanza. Alisema haya yote kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayesoma. Mwisho akasema, "Kilikuwa chakula chetu. Sema ni chakula."

Nikafungua mdomo. Thuraya alikuwa ananitazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yakimtikisika, nami nikajua Jumamosi, mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa yakiisha, tutakaporudi darasani itakuwaje.

Kwa Kiarabu chakula ni akl. Neno fupi. Mimi nikasema alaf.

Alaf ni majani ya kulishia mifugo.

Ustadhi Khalfan akauliza, "Alaf? Ya mnyama gani?"

"Ng'ombe," nikasema. "Anasema kwao walikuwa na ng'ombe wengi sana. Mama yake alikuwa na watumishi wa kuwakatia."

Ustadhi akafasiri. Niliuona uso wa Doktora ukipoa kama chai. Akaandika mstari mmoja tu. Mama Suudi akatikisa kichwa kwa heshima, ng'ombe wengi, mashaallah, na Thuraya akashusha mtandio. Nilikuwa nimeshinda.

Bibi hakuona kitu, au nilidhani hivyo. Aliona kalamu inatembea. Akanigusa goti. "Sasa mwambie jina lake, aliandike palepale." Akalitaja. Alitaja jina la mama yake, na jina la mama wa mama yake. Yalikuwa majina ya kule bara, marefu, ya kuviringika mdomoni, na jambo pekee lililonijia kichwani ni kwamba Thuraya akilisikia lile la kwanza ataliimba njia nzima ya shule.

"Amesema nini?" Ustadhi akauliza.

"Anasema kahawa inapoa," nikajibu.

Ustadhi akafasiri. Doktora akaomba radhi, akaweka kalamu chini, akachukua kikombe kwa mikono miwili akanywa yote. Bibi alikitazama kile kikombe. Kisha akaitazama kalamu iliyolala juu ya daftari. Kisha akanitazama mimi, na baada ya hapo hakusema tena kitu kirefu. Waliuliza maswali mengine mawili matatu, akajibu kwa neno mojamoja. Walipoondoka aliwashukuru kwa Kiarabu chake.

Jioni alinituma kwenye zizi. Tulikuwa na mbuzi wanne. "Salma," akasema, "nenda kawape mbuzi alaf." Alilitamka vizuri mno, ain na kila kitu, kana kwamba koo lilikuwa limefunguka siku hiyo. Nikasimama. Akasema, "Kumbe hukujua ninalijua? Nanunua kila Jumatano sokoni miaka ishirini. Ukimaliza kuwapa, nipakulie na mimi."

Hakunipiga, hakumwambia Baba. Baba aliporudi kutoka Sur akauliza mambo yalikwendaje, Bibi akasema, "Salma alisema kila kitu." Nilipakua wali nikampelekea, akala kidogo.

Wachimbaji waliondoka kabla ya joto kuanza. Shimo lilifukiwa, na mvua ya mwaka uliofuata ikasawazisha hata alama. Bibi aliendelea kumpalilia Mama Suudi vitunguu, ila ndago alikuwa anaziacha zimerundikwa pembeni zikauke. Mama Suudi akashukuru, akidhani Bibi amepata akili. Nyumbani seredani ilirudi kuwa ya ubani tu. Mama yangu alifurahi. Mimi nilikuwa nasubiri nifurahi pia.

Thuraya aliendelea na maisha yake. Mwaka wa pili alihamia Muscat na familia ya kaka yake, na hatukuonana tena ila harusini. Nataka kusema kweli: nilifanya nililofanya kwa sababu ya msichana ambaye leo sikumbuki sauti yake.

Kuomba radhi kwetu si jambo la maneno mengi. Unapeleka maji ya kunawa, unakaa karibu. Nilifanya hayo. Lakini la jina sikulisahau, maana yale majina niliyasikia kwa masikio yangu na kila nilipojaribu kuyakumbuka nilipata mwanzo tu, sauti ya N, halafu giza. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, nilipata ujasiri. Bibi alikuwa anachambua dengu kwenye sinia. Nikakaa, nikachambua naye muda mrefu, kisha nikamuuliza, "Bibi, mama yako aliitwa nani?"

Akatoa jiwe kwenye dengu, akaliweka pembeni.

"Nilishalitaja," akasema.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kitu ameshakiweka wapi. Nikaona haya kuuliza mara ya pili. Nilijiambia nitauliza siku nyingine, akiwa amechangamka. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule alipatwa na kiharusi, upande wa kulia na ulimi. Aliishi miezi mitatu akituelewa kila tunalosema. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilikuwa namtazama mdomoni.

Nimekuwa mtu mzima sasa, nashona nguo za watoto, shule niliishia ya sekondari wala sikusoma mambo ya kale. Lakini nimefikiri sana juu ya wale watu wa wadini. Hatuna hata jina lao moja. Hawakuandika, na walichokula hakikubaki, maana kilichoiva kililiwa. Kilichobaki ni kosa la mpishi. Nikiwa mtoto nilidhani Doktora na Bibi walikuwa wanazungumza habari za mizizi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba Bibi alikuwa amepata, mara moja tu katika maisha yake, mtu aliyetoka mbali kumuuliza alichokijua kwa mama yake, na alikuwa amejiandaa kwa hilo, kanga na wanja, pengine tangu siku aliyopanda meli. Na kwamba kumwonea mtu haya si lazima umkane kwa maneno makali. Inatosha kumfasiri vibaya kidogo.

Siku ya tatu ya matanga Ustadhi Khalfan alikuja kutoa mkono wa pole. Alikuwa amezeeka, kalamu bado mbili. Alikaa na wanaume, na alipotoka nikamsimamisha pale uani, Baba akiwa kando yake akimsindikiza. Nikamwamkia. Nikamwambia kwamba ile Alhamisi, zaidi ya miaka sita nyuma, Bibi hakusema alaf. Alisema akl. Nikasema ng'ombe hawakuwepo, watumishi hawakuwepo, na kahawa haikuwa inapoa. Nilisema yote mbele ya Baba, aliyekuwa hajui hata moja, na sikumtazama.

Ustadhi akasema Doktora bado anamwandikia barua mara moja moja, na mpaka leo hueleza habari za bibi wa Ibra na mpishi aliyezubaa. Akatoa kijitabu mfukoni. "Nieleze tena," akasema, "polepole." Nikamweleza: maji ya kiunoni, miguu inayopapasa, ndago, matete, yungiyungi, shimo na majani mabichi, mtoto anayepewa ya kwanza. Aliandika kwa mkono mzuri wa mwalimu. Neno chakula alilipigia mstari chini.

"Na aliyemfundisha?"

"Mama yake," nikasema. "Mvinza wa Malagarasi."

"Jina lake nani?"

Nikamgeukia Baba. Ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho ambaye angeweza kulijua. Baba alisimama akipapasa kilemba chake. "Sisi watoto tulimwita Bibi wa Mtoni," akasema. "Nilikuwa mdogo. Hilo lilikuwa la kumwitia tu."

"Niandike hivyo?"

Baba akafikiri. "Hapana," akasema. "Hilo si jina. Acha nafasi."

Ustadhi Khalfan akaacha nafasi, kama upana wa vidole viwili, akaendelea na mstari uliofuata, akaandika Ibra na tarehe. Akafunga kijitabu, akampa Baba mkono, akaondoka. Baba akarudi kwa wageni wake. Ndani wanawake walikuwa wamegawana juzuu za Kurani kwa ajili ya khitma na yangu ilikuwa bado imelala juu ya mkeka, nikaingia, nikakaa, nikaifungua.